Roketi Zijengwazo Baada ya Kazi

Katika Refshaleøen, sehemu ya bandari ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako zamani kampuni ya Burmeister & Wain ilikuwa ikiunda meli kubwa kubwa mpaka ilipofungwa mwaka 1996, pana karakana moja ambayo shughuli zake huanza hasa jua linapokuchwa, kwa sababu watu waitumiao wana kazi nyingine za mchana. Miongoni mwao wamo wahandisi, mafundi wa kulehemu, wajuzi wa kompyuta na makarani wa maofisi. Hakuna hata mmoja apokeaye ujira. Na kitu wakiundacho kwa hiari yao, kwa fedha za wahisani wadogo wadogo waliotawanyika duniani, ni roketi ya kumpandisha mtu mmoja mpaka kimo cha kilomita 100, ambacho kwa hesabu ya kawaida ndicho kizingiti cha anga za juu, kisha kumrudisha akiwa hai na salama. Jamaa hao hujiita Copenhagen Suborbitals, walianza mwaka 2008, na hesabu yao ni watu hamsini hivi.

Wengi wakipata habari hii huuliza kwanza juu ya fedha, kisha juu ya elimu. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayafiki kwenye shina la jambo. Elimu ya roketi imo vitabuni tangu miaka mingi, na fedha, japo haba, hupatikana kwa kuomba na kwa kuonyesha kazi iliyokwisha tendeka. Kilicho adimu kuliko vyote ni wasaa. Mtu aliyekwisha mpa mwajiri wake saa za mchana, ambaye nyumbani ana watoto wa kulisha na kulaza, hubakiwa na jioni chache katika juma na pengine Jumamosi. Na katika jioni hizo roketi haimwiti kwa sauti moja. Injini yataka kujaribiwa, mwavuli wa kushukia wataka kushonwa upya, kompyuta ya kuongoza njia yataka kusahihishwa, jukwaa la baharini lataka kukwanguliwa kutu, na chombo cha kumchukua abiria, ambacho ndicho kilichowavuta wengi wao kuja, kimekaa pembeni kikingoja zamu yake.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini kazi hizi haziwezi kupangwa foleni, moja ikaisha kabla ya nyingine kuanza. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na mtu mwenye busara angeweza kuwashauri mabwana na mabibi hao washike jambo moja tu. Ushauri huo ungekuwa mwema kama mikono yote ingekuwa na ustadi mmoja. Lakini hodari wa kushona mwavuli hana haja ya kusimama nyuma ya mlehemu akimwangalia, na mwandishi wa programu hawezi kuikaza nati ya tangi la oksijeni kwa uhakika ule utakiwao. Ukiwaamrisha wote waingie katika kazi moja, nusu yao watakaa bure, na mtu wa kujitolea akikaa bure jioni tatu hatarudi ya nne. Kwa hiyo hawana budi kushika mbili, tatu na hata tano kwa pamoja. Mgongano huzuka pale ambapo kazi zote hizo zinamhitaji mtu mmoja, au mashine moja ya kukereza vyuma, au lile jukwaa moja la kujaribia injini. Mlehemu stadi aweza kuhitajiwa na makundi matatu katika usiku mmoja, na wala hapana bosi awezaye kumlazimisha. Kila kitu hutegemea ridhaa.

Tena iko bahari. Denmark ni nchi ndogo iliyojaa watu, isiyo na jangwa la kuangushia roketi, na kwa hiyo jamaa hawa hurusha vyombo vyao kutoka katika jukwaa lielealo, walilolipa jina la Sputnik, ndani ya eneo la mazoezi ya kijeshi katika bahari ya Baltiki, mashariki ya kisiwa cha Bornholm. Jambo hilo halitakuwa geni kwa watu wa Malindi, ambao waliwaona Waitalia wakirusha satelaiti kutoka majukwaa ya San Marco yaliyosimikwa baharini pwani ya Kenya, ya kwanza mwezi wa Aprili 1967. Ila Waitalia wale walikuwa na dola nyuma yao. Baltiki ina majira yake. Wakati wa baridi upepo na mawimbi havimruhusu mtu kusimamisha roketi juu ya jukwaa, kuijaza spiriti pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji kwa baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na kuwaweka watu katika mashua pande zote. Kama vile nahodha wa jahazi aliyeukosa msimu wa kaskazi asivyoweza kuununua kwa fedha yoyote, ndivyo walivyo hawa: asiyekuwa tayari wakati wa kiangazi husubiri kiangazi kingine.

Miadi hiyo ya bahari si ya namna pekee. Mwaka 1929 mjini Berlin, mwanachuoni mmoja wa roketi, Hermann Oberth, alifungwa na miadi ya aina nyingine. Kampuni ya sinema ya Ufa, iliyokuwa ikitengeneza picha ya Fritz Lang juu ya safari ya mwezini, ilikubaliana naye aunde roketi ya kweli ya kurushwa siku picha itakapoonyeshwa kwa mara ya kwanza, na siku hiyo ikawa 15 Oktoba. Oberth alikuwa mtu wa hesabu kuliko wa nyundo, na roketi za mafuta ya maji zilikuwa bado hazijafanywa Ulaya. Mlipuko ulimjeruhi katika majaribio, akachoka mwili na roho, picha ikaonyeshwa bila roketi. Lakini tarehe 23 Julai 1930, tarehe ya sinema ikiwa imekwisha pita, injini yake ndogo iliwaka vizuri mbele ya wakaguzi wa serikali, na wakaitolea hati. Mimi naona tofauti kubwa kati ya miadi iliyowekwa na bahari na miadi iliyowekwa na watu wa matangazo: ile ya kwanza ni kali, lakini haidai kitu ambacho kazi yenyewe haikidai.

Hata hivyo miadi ya bahari nayo huadhibu, na huadhibu kwa vitu vidogo. Tarehe 5 Septemba 2010, jamaa wa Copenhagen walikuwa wamekwisha fika baharini na roketi yao ya kwanza kubwa, kila mtu mahali pake. Vali ya oksijeni ilikuwa ikilindwa isigande kwa mashine ya kukaushia nywele, ya namna ile itumikayo majumbani. Umeme wa mashine hiyo ukaisha, vali ikaganda, roketi isitoke. Katika wingi wa kazi zilizokuwa zikigombea jioni zao, umeme wa kile kikausha nywele ulikuwa kazi isiyo na mwenyewe, ikawagharimu miezi tisa. Roketi iliondoka tarehe 3 Juni 2011, ikafika kilomita 2.8.

Kiangazi cha 2012 walirusha vitu viwili mbalimbali kwa muda usiotimia majuma matatu: roketi ya Smaragd mwishoni mwa Julai, na tarehe 12 Agosti chombo cha abiria pamoja na injini ya kukiokoa wakati wa hatari. Miavuli ya chombo hicho haikuwahi kufunguka sawasawa, kikapiga maji kwa kishindo. Mwaka uliofuata walichukua njia nyingine: roketi moja, Sapphire, yenye swali moja tu la kujibu, yaani kama wanaweza kuiongoza roketi ikiwa safarini. Ilipanda kupita kilomita 8, ikiongozwa vizuri. Kisha 2014 ukawa mwaka wa msiba: waasisi wote wawili walijitoa, na injini yao kubwa ikateketea kwa moto katika jaribio la ardhini.

Waliobaki walikuwa na roketi kubwa katika ndoto zao, Spica, ya kumchukua mtu, na kila sababu ya moyo iliwavuta kuianza mara moja. Hawakufanya hivyo, na kwangu mimi huo ndio uamuzi ulio bora kuliko yote waliyofanya. Waliiweka Spica nyuma, wakashika roketi ndogo zilizopewa jina la mji wa Nexø huko Bornholm, ambazo hazingemchukua mtu yeyote wala kuvunja rekodi yoyote. Ya kwanza, tarehe 23 Julai 2016, haikufikia kimo walichokitaka. Wakatumia miaka miwili ya jioni kuirekebisha. Tarehe 4 Agosti 2018 Nexø II ilipanda kilomita 6.5, ikateremka kwa mwavuli, wakaiopoa majini.

Injini ya Nexø ilikuwa na nguvu ya kuinua nusu tani. Ile ya Spica yatakiwa kuinua tani kumi. Roketi nayo itakuwa na urefu wa mita 13, karibu mara mbili ya Nexø II, na kwa ajili hiyo bomba, vali, mwavuli na majaribio hayana budi kufikiriwa upya kutoka mwanzo, ilhali walio wa kuyafikiri ni wale wale hamsini, baada ya saa za kazi.