Kukata Ramani Bila Kuifuta

Anayechora ramani za nyumba Chake Chake au Wete, Pemba, leo ana kitu ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, ikishirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Picha hizo ni kali mno: pikseli moja ni sentimita chache tu za ardhi, na mnazi mmoja mmoja unahesabika. Lakini mteja anataka kiwanja chake tu, na ramani ya msingi huja na mtaa mzima.

Wengi huivunja ramani ile, hupunguza mistari kwa amri ya TRIM ya AutoCAD, hufuta iliyobaki, kisha hukisogeza kiwanja hadi kwenye koordinati za sifuri (0,0) ili kiwe karibu. Hapo kazi imeharibika. Katikati ya Chake Chake ni takriban mita 585,000 mashariki na 9,420,000 kaskazini katika UTM kanda ya 37 Kusini, na namba za namna hiyo ndizo mpima ardhi anazozitumia kutafuta bikoni. Ukisogeza, mchoro wako na bikoni haviongei tena.

AutoCAD ina njia safi zaidi. Ramani ya msingi iunganishe kama mchoro rejea kwa XREF, uiache palepale ilipo. Chora polilaini kuzunguka kiwanja, ukibakisha mita chache nje ili barabara na mpaka wa jirani vionekane. Andika XCLIP, chagua rejea, kubali mpaka mpya, chagua Select polyline, kisha gusa polilaini yako. Vilivyo nje vinatoweka. Picha nayo hukatwa kwa IMAGECLIP. Polilaini iwe ya mistari iliyonyooka na isijikate yenyewe. Kwa hiyo ukingo wa mikoko, ambao Pemba hauna hata hatua kumi za kunyooka, uvunje katika vipande vifupi vifupi.

Amri hiyohiyo inafanya kazi kwenye bloku, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Tuseme bloku ya mkato wa ukuta imewekwa mara mbili kwenye karatasi: moja nzima, nyingine imekuzwa na kukatwa ibaki msingi na mkanda wa zege peke yake. Ukataji unagusa ile nakala moja tu. Ukirekebisha nondo ndani ya bloku, zote mbili zinabadilika, na maelezo ya fundi hayapingani na mkato mkuu. Vilevile unaweza kugeuza ukataji, ukaficha ya ndani na kuacha ya nje: jengo la zamani linaondoka machoni, la kwako linakaa mahali pake, na mtaa unabaki.

Fremu ya mpaka huongozwa na XCLIPFRAME. Ikiwa 0 haionekani. Ikiwa 1 inaonekana na kuchapishwa. Ikiwa 2 inaonekana kwenye skrini bila kutoka kwenye karatasi. Mimi hushauri 2.

Jambo zito ni kwamba XCLIP inaficha, haifuti. Chukua shamba la eka tatu, mojawapo ya yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambalo sasa warithi wanaligawana. Mchoro wa msingi una mipaka ya ndugu wote, pengine na majina na vipimo ambavyo bado havijakubaliwa. Unakata fungu la mmoja, unamtumia mjenzi faili pamoja na rejea yake. Mjenzi akichagua OFF ndani ya XCLIP, shamba lote liko mbele yake. Kuifunga rejea kwa BIND hakusaidii, kwa sababu vilivyofichwa huingia navyo. Mpaka wa ardhi ya urithi umegombanisha watu wa tumbo moja, na mchoraji hana haki ya kuutangaza kabla wenyewe hawajamaliza.

Kwa hiyo faili inayotoka ofisini iandaliwe kando. Nakili mchoro wa msingi, na kwenye nakala hiyo ndiyo utumie TRIM na ERASE kwa kweli, bila kuusogeza. Picha ikate pikseli zake kwenye programu kama QGIS, kisha uiunganishe upya. Halafu fungua faili hiyo kwenye kompyuta nyingine, zima ukataji wote, utazame kinachojitokeza kabla hujamtumia mtu.