Kipepeo wa Kakamega na Sanaa ya Kutishia Nyau

Katika vijia vya msitu wa Kakamega huruka kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus. Dume ni wa manjano, mwenye mikia kwenye mabawa ya nyuma, na hajifichi. Jike ni habari nyingine. Wapo majike weusi wenye mabaka meupe, bila mkia wowote, utadhani ni Amauris niavius, kipepeo mwenye sumu ambaye ndege akishamwonja hamrudii. Jike huyu hana sumu hata chembe. Anatishia nyau tu, na ndege anapita zake.

Ujanja huu ndio moyo wa poka. Kila mchezaji anaficha karata zake na kuweka dau; anayeingiwa na hofu anatupa zake na kuacha fedha zilizo mezani. Mtu mwenye karata mbovu anaweza basi kuondoka na donge lote, mradi kitisho chake kisadikike.

Mwaka 2003, huko Las Vegas, mhasibu Chris Moneymaker alibaki na Sam Farha peke yao katika fainali ya ubingwa wa dunia. Farha alikuwa na jozi ya tisa, Moneymaker hana hata jozi. Lakini mezani zilikuwa zimefunuliwa karata tatu za shupaza, na Moneymaker alikuwa ameshapandisha dau kabla karata ya mwisho haijafunuliwa, kama mtu aliyezikusanya tano. Ilipofunuliwa, alisukuma kila alichokuwa nacho. Farha alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zilizokuwa zikishinda. Moneymaker alitwaa taji na dola milioni 2.5.

Kitisho chake kilikuwa na mwanzo na mwendo. Hakikuzuka dakika ya mwisho.

Hesabu nayo ina neno. Mezani pakiwa na shilingi 1,000, anayezuga kwa dau la 500 hapati hasara iwapo mpinzani anakimbia mara moja katika kila tatu. Akiweka 1,000, lazima akimbiwe nusu ya mara zote. Ila kuna wasiokimbia: mchezaji mgeni anayelipia kila dau ni kama kinda wa ndege ambaye hajawahi kuonja Amauris. Hajui cha kuogopa, kwa hiyo anameza. Mbele ya mtu kama huyo, heri kungoja karata nzuri.

Hatari kubwa zaidi ni kuzoeleka. Waigaji wakiwazidi wenye sumu, ndege hugundua kwamba weusi wenye mabaka ni watamu, na kinga inaporomoka. Mchezaji anayezuga kila mkono hufikwa na yaleyale: wenzake huanza kumlipia. Majike wa dardanus wamegawana kazi ya kuiga. Wengine humwiga Amauris niavius, wengine huvaa rangi ya chungwa ya Danaus chrysippus, kipepeo mwingine mwenye sumu, hivyo hakuna vazi moja linalotumika kupita kiasi.