Asidi Kidogo, Dhahabu Safi

Asidi ya nitriki peke yake haiidhuru dhahabu, lakini huila fedha na shaba. Juu ya tofauti hiyo umejengwa ufundi wa kale wa masonara wa kuitenga dhahabu na metali nyingine. Aghalabu anayesafisha dhahabu nyumbani hudhani kwamba asidi ikiwa nyingi na kali zaidi, kazi nayo itakuwa njema zaidi. Kemia yaikanusha dhana hiyo.

Kwanza, tuutazame mchanganyiko wenyewe. Dhahabu ikiwa nyingi mno huikinga fedha iliyo ndani, na asidi, hata ikimiminwa kwa ndoo, huishia juu juu. Kwa hiyo fundi huongeza fedha motoni, mpaka dhahabu iwe yapata robo ya uzito wote. Hapo asidi hupata njia ya kupenya, na dhahabu hubaki chini, rangi yake ya kahawia.

Pili, tupime kiasi. Tuchukue fedha gramu 324, yaani moli 3. Katika asidi iliyozimuliwa kwa maji:

3Ag + 4HNO₃ → 3AgNO₃ + NO + 2H₂O

Asidi itumikayo ni gramu 252, na gesi itokayo ni moli 1. Katika asidi kali isiyozimuliwa:

Ag + 2HNO₃ → AgNO₃ + NO₂ + H₂O

Fedha ile ile sasa hudai gramu 378 za asidi, na hutoa moli 3 za gesi. Kwa kweli mimenyuko hii miwili huchanganyika. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri. Maji matupu yaweza kuokoa hadi theluthi ya asidi. Lakini daima asidi ndiyo itiwe katika maji, wala si maji katika asidi.

Tatu, gesi yenyewe. NO ikikutana na hewa hugeuka NO₂, gesi ya hudhurungi yenye sumu. Aivutaye huweza kukohoa kidogo, akajiona amepona, na baada ya saa kadhaa mapafu yake yakajaa maji. Kuzimua asidi hupunguza hatari hii, hakuiondoi. Ndiyo maana kazi hii mahali pake ni maabara yenye kabati la kutolea gesi, si jikoni walalapo watoto.

Mwisho, kimiminiko kilichobaki si cha kumwaga mtaroni. Kipande cha shaba kikitumbukizwa humo, fedha hutoka; chuma kikifuatia, nayo shaba hutoka.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi la kalamu na karatasi:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O
Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Je, kwa shaba asidi inayookolewa ni theluthi ile ile? Atakayelijibu swali hili atakuwa amejifunza kupiga hesabu kabla ya kumimina.