Kengele Isiyolia: Kasoro ya Akiba katika Mawasiliano ya Siri

Miongoni mwa kasoro zinazowasumbua watungaji wa programu za mawasiliano, ipo moja ya ajabu. Programu hufanya kazi barabara data zinapopita wazi, lakini husimama kimya pindi zinapofungwa kwa maandishi ya siri. Hakuna onyo linalotolewa. Mtumaji angoja jibu, mpokeaji angoja data, na data zenyewe zimekwisha kufika.

Chukua mfano wa karani wa posta aketiye hadi kengele ya mlangoni imjulishe kuwa mzigo umeletwa. Katika kompyuta, kengele hiyo ni wito uitwao select, uliotolewa pamoja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Ina tabia njema: karani akichukua barua chache na kuacha nyingine mlangoni, atakaporudi kungoja italia tena papo hapo. Ndiyo sababu data zilizo wazi hazikwami hata zikisomwa kidogo kidogo.

Itifaki ya SSL ya kampuni ya Netscape, iliyotolewa mwaka 1995, na TLS iliyoirithi mwaka 1999, zilibadili utaratibu huo. Katika TLS data husafiri ndani ya mafurushi yaliyofungwa, kila moja likibeba baiti zisizozidi 16,384 pamoja na muhuri wa kuthibitisha kwamba halikuchezewa njiani. Muhuri huo haukaguliki nusu nusu. Hivyo programu saidizi, kama vile OpenSSL, hulichukua furushi zima kutoka mlangoni, hulifungua, kisha huyaweka yaliyomo katika akiba yake ya ndani.

Hapo ndipo kasoro ijifichapo. Tuseme programu ya mpokeaji huomba baiti 4,096 kwa mara moja. Itapewa hizo, na 12,288 zitabaki akibani. Ikirudi kungoja kengele haitaisikia, kwa kuwa mlangoni hamna kitu tena. Furushi jingine lingeiamsha, lakini mtumaji amemaliza usemi wake na hana la kuongeza.

Majaribio ya ujumbe mfupi hayaifichui kasoro hii. Wako wanaoitibu kwa kurefusha muda wa kungoja, dawa isiyougusa ugonjwa hata kidogo.

Tiba yenyewe ni kuiuliza akiba kwanza, ndipo kengele ingojewe. Katika OpenSSL swali hilo huulizwa kwa SSL_pending, ambayo hutaja idadi ya baiti zilizosalia. Lakini programu saidizi ikiruhusiwa kuvuta mafurushi kadhaa kwa pamoja, lile ambalo halijafunguliwa halimo katika hesabu hiyo. Toleo la 1.1.0 la mwaka 2016 liliongeza SSL_has_pending, inayolitambua hata hilo. Jibu lake la “ndiyo” si ahadi ya data: huenda kilichomo ni kipande cha furushi ambalo sehemu yake nyingine ingali njiani. Programu na ijaribu kusoma. Ikiambiwa kuwa bado, ndipo irudi mlangoni kungoja.