Kibali cha Kuuponya Mto
Nchini Marekani, kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 kinamtaka anayemwaga udongo au mawe mtoni au kwenye ardhioevu apate kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Ajabu ni kwamba mawe yanayopangwa ili samaki wapate pa kujificha hupita dirisha lilelile na kifusi cha kujengea maegesho ya magari. Nafuu imo katika vibali vya jumla: kibali cha kitaifa namba 27 huruhusu kazi za kurejesha makazi ya viumbe wa majini, mradi mazingira yanufaike. Jimbo nalo hudai idhini yake ya ubora wa maji. California ilipunguza mzigo huo Agosti 2022, ilipopitisha agizo moja la miradi ya urejeshaji kwa jimbo zima.