Seli, Sehemu ya Pili: Chembe Nyekundu ya Damu na Vilivyoondoka Ndani Yake

Wiki iliyopita tulizitaja sehemu kuu za seli: utando unaoizunguka, saitoplazimu iliyo ndani yake, kiini chenye vinasaba, ribosomu zinazounda protini, na mitokondria zinazozalisha nguvu. Wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha zikawatoka kichwani. Njia nzuri zaidi ya kuzielewa ni kuifuata seli moja inayozipoteza karibu zote.

Seli hiyo ni chembe nyekundu ya damu. Huanzia kwenye uboho wa mifupa, na mwanzoni ina kiini kama seli nyingine. Maelekezo ya kuunda himoglobini hunakiliwa humo, nakala hutoka hadi kwenye saitoplazimu, na ribosomu huisoma huku zikiunga asidi amino moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huendelea kwa siku kadhaa mpaka seli ijae himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni.

Hapo ndipo kiini husukumwa pembeni, kikatolewa nje kabisa na kumezwa na seli za kinga zilizo jirani. Seli changa huingia kwenye damu ikiwa na mabaki ya ribosomu, nayo huisha baada ya siku moja au mbili, na mitokondria pia hutoweka. Kinachobaki ni utando na saitoplazimu yenye molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270.

Faida yake ni kubwa. Mitokondria hutumia oksijeni, kwa hiyo zingekula mzigo uleule unaosafirishwa. Chembe nyekundu hujipatia nguvu kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Pasipo kiini, mwili wake hulainika na kubonyea katikati, ikaweza kujikunja na kupenya kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe. Lakini seli isiyo na kiini wala ribosomu haiwezi kuunda protini mpya, kujikarabati wala kugawanyika. Huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huiondoa, na chuma chake hurudi kwenye uboho kutumika tena. Ili kuziba pengo hilo, mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe mpya karibu milioni 2 kila sekunde.

Ukipata nafasi ya kuchungulia hadubini ya maabara inayopima malaria, chembe hizi utaziona wazi kwenye kioo kilichotiwa rangi ya Giemsa: visahani vya waridi, vilivyofifia katikati, vyenye upana wa mikrometa 7 hadi 8. Hapa na pale kuna chembe nyeupe, kiini chake kikiwa cha zambarau iliyokolea. Sasa tafuta chembe nyekundu yenye kipete chembamba ndani yake na nukta nyekundu pembeni ya kipete hicho. Nukta ile ni kiini cha kimelea cha malaria. Mtaalamu wa maabara huweza kukitambua kwa urahisi kwa sababu mwenyeji wake hana kiini chake mwenyewe.

Kiini huondoka, lakini kosa lililokuwamo hubaki. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja tu ya kinasaba imebadilika, na asidi amino ya sita katika mnyororo mmojawapo wa himoglobini ikawa valini badala ya asidi glutamiki. Oksijeni ikipungua, molekuli hushikamana na kuwa nyuzi ndefu, seli ikapinda, ikakakamaa na kuziba vishipa. Chembe ya namna hiyo huishi siku 10 hadi 20 tu, na uboho hushindwa kwenda na kasi hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu kila wakati. Anayeugua amerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Aliyekirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, tena ana kinga dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alivyoonyesha mwaka 1954. Kwa sababu hiyo kinasaba hicho kimeenea sana katika maeneo ambayo malaria imekaa kwa vizazi vingi, pwani yetu na kandokando ya Ziwa Viktoria zikiwamo.