Catalonia: ramani kwanza, antena baadaye

Katika wilaya ya Osona, Catalonia, nchini Hispania, wakazi wa vijijini waliokosa intaneti ya kasi walianza mwaka 2004 kujijengea mtandao usiotumia nyaya, Guifi.net, ambao siku hizi una faiba pia.

Nguvu yake imo katika kumbukumbu. Mahali pa antena huandikishwa kwenye ramani iliyo wazi kwa wote, na programu hutoa anwani ya kifaa pamoja na mpangilio wake.

Radi ikikiunguza, fundi mwingine aweza kufunga kipya kwa mpangilio ule ule.

Pasipo kumbukumbu hizo, yote hukaa kichwani mwa fundi mmoja. Akihama, au akifariki dunia, hakuna ajuaye kifaa kipi, juu ya mnara upi, kinamhudumia nani.